Bendera Moja, Mabirika Mawili

Tenki lilikuwa tupu, na Alhamisi mgeni anakuja kuliona.

Hilo ndilo lililomleta Gideon, afisa wa mradi, nyumbani kwa Budeba pale Rujewa, Jumatatu asubuhi, shati limemganda mgongoni kwa jasho la pikipiki. Alimkuta Mbuke zizini anakamua. Mbuke ni mke mkubwa wa Budeba na mwenyekiti wa kina mama wa kituo cha maziwa, na hakuacha kukamua eti kwa sababu afisa amefika. Alimwonyesha kwa kidevu ndoo iliyopinduliwa, akae.

"Shikamoo, Mama Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema tu, nakusikia."

"Mama, hali si nzuri. Bi Catherine wa ubalozi anakuja kuamua. Akikuta maziwa, mradi unaongezwa muda. Akikuta tenki limekauka, kituo kinafungwa, na tenki linapakiwa kwenye lori kupelekwa kwa watu wengine."

Mbuke alicheka kwa pua. "Na hayo maziwa yatoke wapi? Mwezi mzima sasa kiwanda cha Mbeya hakileti gari. Silvester, yule meneja wao, tukimpigia anasema ana maziwa ya kutosha. Ya kutosha kutoka wapi? Ameanza kukamuliwa yeye?"

Gideon hakucheka. Alitazama huku na huku kama mtu anayetaka kuchuma embe la jirani, kisha akasogeza ndoo yake karibu.

"Kuna njia. Uende Mbeya, pale Mwanjelwa, dukani kwa Mulji, uchukue mfuko wa maziwa ya unga. Hela hii hapa. Jumatano jioni mnakoroga na maji safi, mnajaza tenki. Mgeni akifunua kifuniko, anaona weupe, anapiga picha, anaondoka. Tumepona."

"Unga?"

"Mama, ni siku moja tu."

Jamani, Mbuke aliyekuwa akimfukuza kituoni mwanamke yeyote aliyeongeza hata kikombe cha maji kwenye maziwa, leo anaambiwa ajaze tenki zima kwa maji na unga! Alimtazama Shukuru, ng'ombe wake wa kisasa aliyepewa na mradi uleule, akila pumba kwa raha zake bila habari.

Budeba alitokea nyuma ya banda akijifunga mkanda. Alikuwa amesikia yote. Mzee huyu alihamia Usangu akitokea Bariadi na ng'ombe wa kienyeji, na hawa wa kisasa hajawahi kuwaamini hata siku moja.

"Mimi nasema mbele ya shahidi," alisema. "Kituo kikifungwa, Shukuru na ndama wake wanakwenda mnadani Jumamosi. Ng'ombe anakula kuliko mkwe, halafu maziwa yake tunawapa mbwa. Siwezi."

"Na mwanao Mercy?" Mbuke aliuliza. "Ada ya chuo kule Iringa utalipa kwa manyoya ya kuku?"

"Ndiyo maana nasema tuwauze mapema, wakiwa wanene."

Mbuke alisimama, akaifuta mikono kwenye kitenge, akaipokea ile hela. Aliibana tu kwenye sidiria na kwenda kuoga.

*

Duka la Mulji lipo upande wa pili wa soko la Mwanjelwa, katikati ya wauza ndoo na wauza mbegu. Jayshree, mke wa Mulji, ndiye anayekaa kaunta siku hizi, miwani imeshuka puani, mkono mmoja kwenye kikokotoo na mwingine kwenye kikombe cha chai. Anawajua wateja wake wa Tukuyu, wa Chunya, wa Tunduma, mpaka majina ya wajukuu wao.

"Karibu mama, pita ndani, jua kali. Nikupe nini?"

"Shikamoo. Nataka maziwa ya unga. Mfuko mmoja."

Mfuko ulitolewa ukawekwa juu ya kaunta, na vumbi kidogo likaruka. Mbuke aliutazama. Kisha akauinamia, akautazama tena. Pembeni, juu ya picha ya ng'ombe mwenye madoadoa, ilichapwa bendera ndogo. Bendera hiyo aliijua kuliko ya kijiji chake. Ipo kwenye tenki. Ipo kwenye kofia ya Gideon, kwenye fulana walizogawiwa, na kwenye hereni ya plastiki iliyovishwa sikioni mwa Shukuru.

"Hawa..." alisema, kidole kikiwa juu ya bendera. "Hawa ndio waliotupa tenki."

"Kweli?" Jayshree alishusha miwani zaidi. "Basi ni watu wakarimu. Na unga wao unashuka bei kila msimu. Mume wangu anasema serikali yao inawapoza wafugaji wao kwa ruzuku, ndiyo maana unafika hapa rahisi kuliko maziwa ya hapo Uyole. Viwanda vyote siku hizi vinachukua. Silvester anachukua kwa lori."

"Silvester wa kiwanda cha Mbeya?"

"Huyohuyo. Mimi nauza kinachouzika, mama, usinichukie." Jayshree aliufunga mfuko kwa kamba. "Unatokea wapi?"

"Rujewa."

"Ah! Basi unamfahamu mteja wangu, Kalista. Mchangamfu huyo! Ana banda la chai stendi. Anachukua kwa niaba ya mama lishe wote wa pale, wanapokezana zamu. Mwezi huu zamu yake."

Mbuke alihisi masikio yamepata moto. Kalista ni mke mwenzake. Kalista ndiye mke mdogo wa Budeba, Mhehe wa Iringa, mwenye nyumba yake upande wa pili wa ua, hatua chache kutoka zizi la Shukuru.

"Namfahamu," alisema kwa sauti ya mtu aliyemeza mfupa. "Ni mdogo wangu."

"Basi nawe nakupunguzia bei kama yeye," alisema Jayshree, na alimaanisha wema.

Njia nzima ya kurudi mfuko ule ulikaa miguuni pake. Abiria jirani alimuuliza kama anafungua mgahawa.

*

Alifika nyumbani jua linaelekea kuzama. Hakwenda kwake. Aliupitisha mfuko ua mzima, akautua kwa kishindo mlangoni kwa Kalista, ambapo Budeba alikuwa amekaa kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi.

"Kunywa, baba Mercy, kunywa," alisema Mbuke. "Kunywa umalize. Ni ya unga hiyo, sivyo?"

Budeba alitazama ndani ya kikombe kana kwamba jibu limo humo. Kalista alitoka jikoni na mwiko.

"Dada, umerudi salama? Kulikoni?"

"Usiniite dada! Nimekwenda mpaka Mwanjelwa kuambiwa na Mhindi kwamba nyumba yangu ndiyo inayoniua. Mimi nakamua, wewe unanunua unga. Mimi nahangaika kituo kisife, wewe unakichimbia kaburi kwa kijiko. Ndani ya ua mmoja! Hata haya huna?"

Kalista si mtu wa kupigiwa kelele akatulia. Aliweka mwiko chini taratibu, na hiyo taratibu yake ndiyo ya kuogopwa.

"Umemaliza? Sasa na mimi niseme. Nilipofungua banda, mtu wa kwanza kumwomba maziwa alikuwa nani? Nilikuja kwako na chupa, nikakuomba lita mbili. Ukasema maziwa yote ni ya kituo, mradi umekataza kuuza pembeni. Nikarudi na chupa yangu tupu, na wateja wanasubiri. Uongo?"

"Na kiwanda kilipoacha kuchukua," Kalista aliendelea, "ulikuja kuniambia, 'Mdogo wangu, maziwa yapo'? Uliwapa mbwa. Niliwaona kwa macho yangu mbwa wakiyalamba, mimi nakoroga unga wa dukani. Niliumia, dada. Nikajisemea, kwa huyu, bora mbwa kuliko mimi."

Kuku mmoja alipanda juu ya mfuko, na hakuna aliyemfukuza.

"Na huyu?" Mbuke alimgeukia Budeba. "Huyu asubuhi anakunywa kwangu, jioni anakunywa kwako. Alijua yote! Baba Mercy, ulijua, hukusema?"

Budeba alikohoa kikohozi kisicho na ugonjwa. "Nilijua. Mtaji wa banda la chai nilimpa mimi. Banda la ng'ombe nalo nilijenga mimi. Nikasema kila mmoja ana shughuli yake, mimi nikae katikati nilinde amani."

"Amani!" walisema wanawake wote wawili kwa pamoja. Wakatazamana. Na kwa kuwa walikuwa wamesema neno moja, kwa hasira moja, kwa mtu mmoja, Kalista alicheka kwanza, akijizuia kwa kanga. Mbuke alijitahidi kununa, akashindwa.

Alikaa chini kwenye kizingiti. Alimwonyesha Kalista ile bendera, akamweleza habari ya tenki, ya Gideon na ya kukoroga. Alisema hata lile lililomuuma zaidi, kwamba lita mbili zile alimnyima kwa kiburi, mradi ukiwa kisingizio.

"Hilo limekwisha," alisema Kalista. Aliinama, akasoma mfuko polepole. "Kwa hiyo watu walewale wanaotupa ng'ombe ndio wanaotuletea unga wa kuwaua hao ng'ombe?"

"Ndiyo hivyo."

"Labda nao wana wake wawili," alisema Kalista, na Budeba akaona kikombe chake ni cha kutazamwa zaidi.

*

Jumatano Kalista hakufungua banda mapema. Alizunguka stendi nzima, kutoka wauza vitumbua mpaka wauza supu, kiguu na njia, mdomo wake ukiwashawishi mama lishe waache unga wachukue maziwa ya kituo. Wengine walikubali upesi. Apolonia, mwenye mgahawa mkubwa kuliko wote, alibisha: unga haugandi, unga hauchachi, unga hausubiri ng'ombe atulize hasira. Kalista alimwambia aonje kwanza. Alimchemshia chai kwa maziwa ya Shukuru, tangawizi kidogo, akamwachia kikombe bila maneno. Apolonia alikunywa, akalamba mdomo, akasema bei lazima ipungue. Walibishana mpaka Mbuke mwenyewe akaitwa. Mbuke alishusha kidogo, Apolonia akapanda kidogo, na kila mmoja akaondoka akiamini ameshinda.

Alhamisi kabla ya saa mbili kina mama walianza kufika kituoni na madumu. Kila mama lishe alikuja kulipia fungu lake la kuchukua baadaye, na maziwa yote yakamiminwa kwenye tenki. Halikujaa. Lilifika robo, tena robo ya kuhurumiwa. Lakini mashine iliwashwa, ikanguruma, na Mbuke alifuta machozi akisingizia moshi.

Gideon alifika kabla ya mgeni. Alifunua kifuniko, akainama, akanyanyuka amepauka.

"Mama, mbona chini hivi? Unga uko wapi?"

Mbuke alimwonyesha. Mfuko ulikuwa umesimamishwa pembeni ya tenki, haujafunguliwa, bendera yake ikitazamana na bendera ya tenki.

"Mama! Unanifukuzisha kazi!"

"Gideon, mwanangu, jina lako halitatoka mdomoni mwangu. Hela yako ndiyo mfuko huu hapa. Ila mimi maji sikorogi."

*

Bi Catherine alikuwa mama mrefu mwenye viatu vya vumbi na Kiswahili alichojifunza Iringa. Alishuka kwenye gari akitabasamu, akawasalimia wote kwa Kihehe, kwa sauti kubwa, "Kamwene!" Wasukuma wakatazamana. Kalista peke yake ndiye aliyeitikia, kwa furaha iliyojaa kituo kizima, "Kamwene, mama, kamwene!" na watu wakacheka, mgeni naye akacheka bila kujua sababu.

Aliketishwa. Kalista alileta mabirika mawili ya chai na vikombe viwili.

"Onja hiki, mama, halafu hiki. Utuambie."

Bi Catherine alionja cha kwanza, akasema ni kitamu, kizito, kina harufu ya moshi. Alionja cha pili. Uso ulimng'aa.

"Hii!" alisema. "Hii ni kama ya kwetu kabisa! Kama ya mama yangu."

Birika hilo lilikuwa la unga uliobaki bandani kwa Kalista. Mbuke aliugeuza mfuko taratibu ili bendera imtazame mgeni.

"Ndiyo ya kwenu," alisema.

Bi Catherine aliweka kikombe chini. Aliutazama mfuko, akalitazama tenki, akarudi kwenye mfuko. Shingo ilianza kuwa nyekundu.

"Mama, nikuambie ukweli," alisema Mbuke. Sauti yake haikuwa na ugomvi, ilikuwa sauti anayotumia kwenye mikutano. "Sisi hapa tulitaka kukudanganya. Tulitaka tuukoroge unga huu, tujaze tenki lako, ufurahi. Tumekataa. Maziwa yaliyomo ni robo, ni ya ng'ombe wetu, na yamenunuliwa na watu wa hapa stendi. Kiwanda cha Mbeya hakituchukulii tena, kinakoroga huu. Mmetupa ng'ombe, mmetupa tenki, tunashukuru sana. Halafu mmetuletea huu. Sasa tuwaelewe vipi?"

Gideon alikuwa akitazama kucha zake.

Bi Catherine hakujitetea, na watu waliliona hilo. "Msaada wa tenki umetoka wizara yangu ya mambo ya nje," alisema akitafuta maneno. "Unga... ni wizara ya kilimo. Wanawasaidia wakulima wetu, na maziwa yanakuwa mengi mno, yanauzwa nje. Lakini serikali yetu imeamua. Imesema sera zake zote sasa lazima zioane."

"Zioane?" Budeba alinyanyuka kwenye benchi kabisa. "Na mahari anatoa nani?"

Kituo kiliangua kicheko. Gideon aliruka kusahihisha. "Zioanishwe, mzee! Anamaanisha zifanye kazi pamoja, zisipingane."

"Mwache, kasema sawa," alisema Budeba. "Kuoa nakujua, nimeoa mara mbili." Alimgeukia mgeni, na safari hii hakuwa na mzaha mwingi. "Mama, mimi nina wake wawili, hawa hapa. Mmoja nilimjengea zizi, mwingine nikampa mtaji wa kununua unga huu. Nilijua kwamba mmoja anamnyonga mwenzake. Nikanyamaza, nikajiita mlinzi wa amani, nakunywa chai mbili kwa siku. Juzi wamenikalisha chini, nimepigwa maneno mpaka nikatamani kurudi Bariadi. Sasa hizo wizara zenu, zinakaa mji mmoja?"

"Mji mmoja. Mtaa mmoja. Majengo yanatazamana, barabara tu katikati."

"Na huwa mnatembeleana?"

Bi Catherine aliguna. Kisha akasema jambo ambalo hakulipanga, ilionekana wazi. "Nimefanya kazi pale miaka mingi. Sijawahi kuvuka."

"Vuka, mama," alisema Mbuke.

Hakulisema kwa nguvu. Alilisema kama anavyomwambia ndama asiyetaka kupita mfereji. Bi Catherine alinyoosha mkono, si kwenye birika la pili bali kwenye lile la kwanza, lenye harufu ya moshi, akajimiminia mwenyewe.

"Siwezi kuahidi unga utakoma," alisema. "Nami ningekuwa nawadanganya. Lakini naweza kuandika nilichoona, tenki robo na mfuko pembeni. Na kituo hiki hakifungwi kwa sababu kiwanda kimewakimbia. Mmepata soko wenyewe. Hilo nalisimamia."

Alipoondoka aliomba apewe ule mfuko. Gideon aliupakia garini kwa mikono miwili, taratibu. Alipopita karibu na Mbuke alinong'ona, "Wabeja, mama," akishukuru kwa Kisukuma chake kibovu, na Mbuke akampiga kofi dogo la begani.

*

Jumamosi mnada ulikuwepo. Budeba alikwenda, kwa kuwa mwanamume wa Kisukuma kukosa mnada ni kama kuugua. Alikwenda na fimbo tu. Walipomuuliza ng'ombe wa kisasa wako wapi, alisema wapo kazini.

Kiwanda cha Mbeya hakikurudi mwezi ule, wala uliofuata. Lakini stendi ilizoea. Wasafiri wa Makambako na wa Chimala walianza kuuliza chai ya moshi, na Apolonia, aliyebisha kuliko wote, sasa anadai fungu lake liongezwe. Tenki limepanda kutoka robo hadi nusu. Ada ya Mercy imekwenda Iringa, imechelewa, lakini imekwenda.

Siku moja ya mvua Gideon alifika na simu ameinyanyua juu kama mtu anayetafuta mtandao. "Mama Mwenyekiti! Bi Catherine ametuma ujumbe wa sauti. Yuko kwao."

Bandani kwa Kalista walikusanyika Mbuke, Budeba na wateja wawili wasiohusika. Sauti ilikwaruza, kisha ikaeleweka.

"Mama Mbuke, kamwene. Nimevuka. Nimekwenda na mfuko wenu, nimeuweka juu ya meza yao. Walinitazama vibaya. Lakini wamenipa kiti, na Jumanne narudi. Wamesema nije na mtu wa wizara ya biashara pia. Salamu kwa mzee wa mahari."

Budeba alicheka mpaka kofia ikaanguka. "Barua ya posa imepokelewa! Bado safari ndefu, lakini mlango wamefungua."

Kalista alitaka wamsikilize tena, Gideon akarudia. Mbuke hakusubiri mwisho. Alikuwa amebeba dumu la asubuhi, bado lina joto la Shukuru, na wateja walikuwa wanangoja. Alifunua birika la mke mwenzake, akamimina, akamimina mpaka likakaribia kufurika.

"Dada, basi!" Kalista alipiga kelele. "Litamwagika!"

"Liache lijae," alisema Mbuke.